NYOTA JUU YA NGUJINI

Mtoto wa Ngujini, katika Milima ya Upare, huona nyota nyingi kuliko sisi wa mjini wenye taa za barabarani. Je, apewe nini ili asiishie kuzitazama tu?

Tarehe 12 Desemba, 1970, Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi, ikachukua chombo cha Marekani cha kupimia miali ya eksirei itokayo mbinguni. Chombo hicho kiliitwa Uhuru. Mwaka uliofuata kilionyesha kuwa Centaurus X-3 hupiga kama moyo kila sekunde 4.8. Hiyo ni pulsa, yaani mabaki ya nyota iliyokufa, yazungukayo na kumulika kama mnara wa taa bandarini. Jina lilikuwa letu na bahari ni yetu. Hesabu zilisomwa ng'ambo.

Hatusemi haya kwa kinyongo. Twasema kwa sababu kazi yenyewe ni ya hesabu. Mwaka 1974 Russell Hulse, mwanafunzi wa Joseph Taylor, alitumia kompyuta kuchambua makelele yaliyonaswa na darubini ya redio ya Arecibo, Puerto Rico, kama Washana wa Ugweno walivyotafuta chuma katika mchanga wa mito. Akapata pulsa izungukayo na nyota mwenzake kwa muda wa saa 7 na dakika 45. Muda huo wazidi kupungua, kwa kiasi kile kile kinachotakiwa na kanuni ya Einstein juu ya mawimbi ya mvutano. Mwalimu na mwanafunzi walipewa pamoja tuzo ya Nobel mwaka 1993. (Jocelyn Bell, mwanafunzi aliyeiona pulsa ya kwanza mwaka 1967, hakupewa; tuzo ya 1974 ilikwenda kwa msimamizi wake. Wafanya kazi hawahitaji kufafanuliwa jambo hilo.)

Mwezi Juni, 2023, wataalamu wa NANOGrav wa Amerika ya Kaskazini walitangaza kwamba, baada ya kupima pulsa 67 kwa miaka 15, wameona dalili za mawimbi hayo. Vipimo vyao vimetolewa bure kwa yeyote awezaye kuvisoma. Basi hatudai darubini ijengwe Upare. Twadai mwalimu wa hesabu, umeme usiokatika na kompyuta shuleni. Hayo ni mambo ya bajeti, na bajeti hupitishwa na madiwani tuliowachagua sisi wenyewe. Wanachama wa matawi ya milimani na wawaulize.