Wathai wa Kusimuliwa

Upo utanzu mmoja wa maneno ambao wahakiki wetu hawajaupa jina, nao una watungaji wengi kuliko ushairi: maoni ya mgeni mkaazi juu ya Thailand. Mwenye kuishi Bangkok, Chiang Mai, Pattaya au Phuket hawezi kuukwepa. Husimuliwa mikahawani kwa sauti ya juu, huchapwa katika magazeti ya Kiingereza, na hupangwa katika maduka ya viwanja vya ndege, ndani ya vitabu vyenye picha ya hekalu na jua la magharibi. Msimulizi wake aghalabu ni mzee wa Ulaya, Marekani au Australia, mwenye pensheni, aliyekaa huko miaka kumi au ishirini. Maudhui hayabadiliki: Wathai hutabasamu kwa kuwa wameridhika, Wathai hawapendi ugomvi, Wathai hawaijali siasa, Wathai humwona Mzungu kuwa ni mfuko wa fedha. Kisha hutolewa hukumu, kwa upole wa mtu aliyekwisha kusamehe: ndio utamaduni wao.

Nami ni mgeni katika mji huo huo wa Bangkok, ijapokuwa sikutoka Ulaya, na nadai kwamba hukumu hiyo ni batili. Kinachoitwa utamaduni katika masimulizi hayo, sehemu yake kubwa ni adabu ya mtu anayelipwa ahudumie, na kimya cha mtu aliyekatazwa na sheria asiseme. Mgeni ameketi juu ya kiti alichokilipia, akaona alichoonyeshwa, akakiita silka ya taifa zima.

Utanzu huu una bibi yake, naye ni Anna Leonowens. Alifika Bangkok mwaka 1862 kuwafundisha Kiingereza watoto na wake wa Mfalme Mongkut, akaondoka mwaka 1867, na mwaka 1870 akatoa kitabu ambacho ndani yake mfalme ni jabari mwenye hasira za kitoto, na mwalimu ni taa iliyowashwa gizani. Mwaka 1944 Margaret Landon alikigeuza kisa hicho kuwa riwaya. Riwaya ikawa mchezo wa nyimbo, na mchezo ukawa filamu ya mwaka 1956, ambayo serikali ya Thailand iliipiga marufuku. Basi jabari huyo alikuwa nani? Alikuwa mtawa wa Kibudha kwa miaka 27 kabla ya kukalia kiti cha enzi. Alijifunza Kilatini na Kiingereza. Elimu ya falaki aliijua hata akapiga hesabu ya kupatwa kwa jua kwa tarehe 18 Agosti 1868, akawaalika wageni wa Kizungu waende naye kulitazama, na jua likapatwa kama alivyohesabu. Huko ndiko alikopata malaria, na mwezi wa Oktoba akafariki. Ama mwalimu wake, aliyejitambulisha kuwa mzaliwa wa Wales, watafiti wamethibitisha kuwa alizaliwa India katika familia ya askari wa cheo cha chini. Simlaumu kwa nasaba yake, wala hata kwa kuificha, maana dola ya Kiingereza ya zama zile haikumwachia mtu kama yeye milango mingi. Nasema tu kwamba mtu aliyejitungia nafsi yake mwenyewe ndiye aliyeaminiwa kuwatungia wengine nafsi zao, na tangu hapo dunia imemjua mfalme msomi kwa kalamu ya mwalimu wa watoto wake.

Asidhani msomaji kwamba naitetea kasri. Kasri ya Bangkok ina walinzi wake, na mlinzi mkubwa kuliko wote ni kifungu cha 112 cha sheria ya jinai. Kifungu hicho humfunga miaka 3 hadi 15, kwa kila kosa, mtu anayesemwa kuwa amemkashifu mfalme, malkia, mrithi au kaimu wa mfalme. Makosa huhesabiwa moja moja. Januari 2021 mwanamke aliyewahi kuwa mtumishi wa serikali alihukumiwa miaka 87 kwa kusambaza sauti zilizorekodiwa na mtu mwingine. Kwa kuwa alikiri, ikapunguzwa nusu, ikawa miaka 43 na miezi sita. Wageni nao hawakusalimika. Harry Nicolaides, Mwaustralia aliyekuwa akifundisha kaskazini mwa nchi, alichapisha mwaka 2005 riwaya kwa fedha zake mwenyewe, nakala 50 tu. Aya moja ilimgusa mwanamfalme. Januari 2009 alihukumiwa miaka 3, na mwezi uliofuata akasamehewa na kurudishwa kwao. Nakala 50! Watunzi wetu wa diwani wanaolalamika kwamba hawasomwi, na wautafakari usomaji wa namna hiyo.

Mgeni mkaazi anaijua sheria hii vizuri. Anajua pia kwamba viza yake ya kustaafu, inayomtaka awe na umri wa miaka 50 na baht 800,000 benki, au kipato cha kulingana nazo, inaweza kukatwa, na kwamba kila siku 90 sharti aripoti anapoishi. Kwa hiyo hasemi. Akiulizwa kwa nini hasemi, atajibu bila ya kuona haya kwamba anaogopa. Lakini dereva wa teksi anaponyamaza kwa kuulizwa suala hilo hilo, mgeni huyo huyo huandika kwamba Wathai kwa tabia zao hawapendi siasa. Kimya chake yeye kina sababu, ilhali kimya cha mwenyeji kina utamaduni! Hapa ndipo ninapougomvea utanzu huu wote. Si ujinga wake unaonikera, kwani wageni wote huanza na ujinga. Ni mizani mbili.

Na hao wasiopenda siasa, Mei 2023 zaidi ya milioni 14 kati yao walikipigia kura chama cha Move Forward, kikapata viti vingi kuliko chama chochote. Maseneti walioteuliwa na wanajeshi wakamzuia kiongozi wake asiwe waziri mkuu, na tarehe 7 Agosti 2024 Mahakama ya Katiba ikakivunja chama chenyewe, kwa kosa la kufanya kampeni ya kukirekebisha kifungu cha 112.

Ama ile hadithi ya watu wasiopenda ugomvi, inahitaji msimulizi asiyejua tarehe. Tarehe 6 Oktoba 1976 wanafunzi walipigwa risasi na kunyongwa mchana kweupe katika Chuo Kikuu cha Thammasat na pembezoni mwake, umati ukishangilia. Aprili na Mei 2010 watu zaidi ya 90 waliuawa katika mitaa ya Bangkok, karibu na maduka yale yale ambamo wageni hununua hariri. Na tarehe 25 Oktoba 2004, ndani ya mwezi wa Ramadhani, Waislamu wa Kimalei waliandamana mbele ya kituo cha polisi cha Tak Bai, mkoani Narathiwat. Saba waliuawa papo hapo. Wengine mamia walifungwa mikono nyuma, wakalazwa kifudifudi ndani ya malori ya jeshi, tabaka juu ya tabaka, nao wamefunga, wakasafirishwa kwa saa kadhaa hadi kambi ya jeshi mkoani Pattani. Malori yalipofunguliwa, 78 walikuwa wamekufa kwa kukosa pumzi. Hakuna aliyeadhibiwa. Mwaka 2024 mahakama iliipokea kesi, washitakiwa hawakuonekana, na ilipotimu miaka ishirini kamili haki ya kushitaki ikafa kwa mujibu wa sheria. Vitabu vya mgeni mkaazi huitaja mikoa hiyo ya kusini kwa sentensi moja: usiende. Msomaji wa visiwani, ambaye huenda alikuwa akifuturu jioni ile ile, ana haki ya kuuliza ni Wathai gani hao wanaosimuliwa, ikiwa hawa hawamo.

Tabasamu lenyewe silikatai. Lipo, na ni zuri. Lakini jina la Nchi ya Tabasamu ni tangazo la biashara, na mwaka 2019 tangazo hilo lilileta wageni karibu milioni 40. Anayewapokea hotelini hutabasamu kama anavyovaa sare. Sisi tunalijua jambo hili bila ya kwenda mbali: nani katika visiwa hivi humwambia mkewe au mumewe "hakuna matata"? Maneno hayo yapo juu ya fulana za Nungwi na Kendwa kwa ajili ya wanaopita, na mwenye kuyauza anarudi kwake kuhesabu ada ya skuli na bei ya mchele. Wathai nao wana "mai pen rai", ambayo mgeni huifasiri kuwa falsafa ya kutojali kesho. Kwa Kiswahili ni "si neno", au "haidhuru", na kila mmoja wetu anajua ya kuwa mtu husema haidhuru hasa pale ilipomdhuru.

Malalamiko ya bei mbili nayapita haraka. Ni kweli kwamba katika mbuga ya Khao Yai mgeni hulipa baht 400 na mwenyeji 40, na ni kweli kwamba sheria ya ardhi ya mwaka 1954 haimruhusu mgeni kumiliki kiwanja. Anayeuona huo kuwa ubaguzi na autazame mwambao wetu, auliza wavuvi ufukwe umekwenda wapi, kisha alalamike.

Jambo zito zaidi ni lugha. Wapo wageni waliojifunza. Benedict Anderson, alipofungiwa milango ya Indonesia katika miaka ya 1970, alijifunza Kithai ukubwani na akafasiri hadithi fupi za waandishi wa huko. Mtu wa namna hiyo akitoa maoni namsikiliza. Lakini wengi wa hawa wenye maoni hawawezi kusoma kibao cha basi. Hawajui kwamba Wathai wenyewe wameandika juu ya jamii yao kwa ukali ambao hakuna mgeni aliyewahi kuufikia. Chart Korbjitti, katika riwaya ya *Kham Phiphaksa* ya mwaka 1981, alimsawiri mtumishi wa skuli ya kijijini anayemtunza mjane wa baba yake, mwanamke mwenye maradhi ya akili. Wanakijiji, watu wa hekaluni na wa tabasamu, wakamzulia uzinzi, wakamtenga, mpaka akafa kwa ulevi. Riwaya hiyo ilipata tuzo ya waandishi wa Asia ya Kusini-Mashariki mwaka 1982. Yupo aliyekaa miaka ishirini Bangkok na hajasikia jina la mtunzi huyo.

Husema pia kwamba lipo neno la Kithai lisilofasirika, "kreng jai". Limeandikiwa kurasa na kurasa, likazungushiwa siri ya Mashariki. Maana yake ni kujizuia usimkalifishe mwenzio, kumwonea haya aliye mbele yako, hasa aliyekuzidi umri au cheo. Halifasiriki kwa sababu linatafutwa katika Kiingereza tu. Mtoto wa Makunduchi au Wete akielezwa atasema ni staha, na ataendelea na kazi yake. Atafahamu vilevile kwa nini muuza supu huitwa "phi", yaani mkubwa wangu, na mwanawe "nong", yaani mdogo wangu, na kwa nini watu huamkiana kwa kuulizana kama wamekwisha kula wali. Na kwa kuwa anaijua staha kwa ndani, atajua lile ambalo vitabu havilisemi: kwamba staha hupanda juu kuliko inavyoshuka, na kwamba mkubwa anaweza kumlia mdogo haki yake kwa jina la staha.

Na nani hasa huitwa mgeni mkaazi? Mzungu huitwa "farang", neno la asili moja na "Ifranji" la Waarabu, lililosafirishwa na wafanyabiashara wa Kiajemi na wenzao kabla ya hoteli ya kwanza kujengwa. Wenzetu wa Tanzania na Kenya wanaofika na vito vya Tunduru na Mahenge, wakakaa miezi kati ya madalali wa Bangkok na soko la Chanthaburi, hawaitwi hivyo, na hakuna gazeti lililowauliza wanawaonaje Wathai. Seuze watu wa Myanmar. Wapo kwa mamia ya maelfu katika mkoa wa Samut Sakhon peke yake na viungani mwake, wakimenya kamba wanaoliwa Ulaya na Marekani. Desemba 2020 maradhi ya Uviko yalipozuka katika soko la kamba la mkoa huo, majengo wanayolala yalizungushiwa seng'enge, wao wakiwa ndani, na chakula wakipelekewa kwa mgao. Hao nao ni wageni, na ni wakaazi. Wanajua kilo ya kamba inamenywa kwa bei gani, wanajua sauti ya msimamizi anapotabasamu na anapoacha, na Kithai wanakizungumza, kwani bila ya hicho hawali.