Mashua haihitaji intaneti ya kasi

Jengo la zamani la simu pale Shangani, ambalo leo ni hoteli, linatukumbusha kwamba Unguja iliunganishwa na dunia mapema: kebo ya telegrafu kutoka Aden ilifika hapa mwaka 1879. Ila tangu enzi hizo hadi huu mkongo wa intaneti, faida kubwa imeishia nchi kavu. Mnara wa kawaida wa GSM hauhudumii simu iliyo umbali wa zaidi ya kilomita 35, na mvuvi wa Nungwi au Kizimkazi akishavuka hapo, simu yake inabaki kuwa tochi na saa. Mjadala wetu wa mawasiliano umezama kwenye kasi, ilhali anachohitaji mtu huyu ni neno moja tu: nipo hapa.

Neno hilo linaweza kubebwa na setilaiti ndogo. Kampuni ya Swarm ya Marekani ilirusha setilaiti zenye upana wa sentimita 11 tu, na kila ujumbe ulikuwa na baiti 192, yaani meseji moja na ziada kidogo. Kifaa kinachotuma ujumbe wa namna hiyo huridhika na betri na kipande cha sola, wakati intaneti ya kasi ya setilaiti inadai dishi na umeme ambao ngalawa haina. Majirani nao wameshaanza kujifunza kazi ya setilaiti ndogo: Kenya ilipeleka 1KUNS-PF angani mwaka 2018, Uganda ikafuata na PearlAfricaSat-1 mwaka 2022. Hizo hazikuundwa kwa ajili ya wavuvi, lakini zimetuonyesha kuwa ujuzi wenyewe hauko mbali nasi.

Atakayepinga atasema Swarm yenyewe ilinunuliwa na SpaceX mwaka 2021, kisha vifaa vyake vikaacha kuuzwa. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kutojifunga kwa kampuni moja na kudai kumbukumbu zote za safari zibaki mikononi mwetu. Mwingine atasema setilaiti zikiwa chache, ujumbe husubiri mpaka moja ipite. Nakubali, kwa hiyo kifaa hiki hakichukui nafasi ya jaketi la kuokolea wala redio. Hata hivyo, kujua chombo kilikuwa wapi saa mbili zilizopita kunawapunguzia waokoaji bahari ya kutafuta.

Pingamizi zito zaidi litatoka dikoni, wavuvi wanakoshusha samaki. Nahodha hufichua mwamba wake wa samaki kwa shida, na atauliza kama kifaa hiki ni jicho jipya la bwana diko na mtoza kodi. Wasiwasi huo hautulizwi kwa semina. Unatulizwa kwa kanuni iliyoandikwa: kumbukumbu za safari zitunzwe na kamati ya wavuvi, na zifunguliwe pale tu chombo kinapoomba msaada au kinapopitisha muda wa kurudi. Bila sharti hilo, vifaa vitaachwa nyumbani, na hakuna atakayekuwa na haki ya kuwalaumu wavuvi.

Tangu 2020 Zanzibar ina wizara ya uchumi wa buluu, na wavuvi wadogo wamekuwa wakikopeshwa boti. Boti ya mkopo huhesabiwa pamoja na mashine yake. Kifaa hiki nacho kiingie kwenye hesabu hiyo, kwa sababu mkopo haurudishwi na boti ambayo hakuna ajuaye ilipopotelea.