Mfungwa atoke na nini mkononi?

Katika Bonde la Kilombero yapo magereza ya kilimo ya Kiberege na Idete. Wafungwa wake hulima, na mpunga wa Idete unafahamika. Kwa hiyo hatuwezi kudai kwamba wafungwa wetu wanakaa bure. Swali letu ni jingine: kazi hiyo humwachia mfungwa nini siku anapofunguliwa lango?

Tuchukue mfano wa kijana wa Masagati aliyefungwa miaka mitatu kwa wizi. Kulima alikujua tangu utotoni. Gerezani akashikishwa jembe lile lile, akatoka na ujuzi ule ule, isipokuwa sasa ana jina baya na shamba lake limemea magugu. Hana mtaji, na majirani wanamkwepa. Je, tushangae akirudia wizi? Adhabu ameitumikia yote, lakini hakurekebishwa.

Julai 2018 Rais John Magufuli, alipomwapisha Kamishna Jenerali wa Magereza, aliagiza wafungwa wafanye kazi na wajilishe wenyewe. Hatuna ugomvi na msingi huo. Mwenye nguvu kula jasho lake ni heshima yake, na Katiba yetu, ibara ya 25, haihesabu kazi itokanayo na hukumu ya mahakama kuwa kazi ya shuruti. Lakini kulijaza ghala la gereza ni jambo moja, na kumtengeneza mtu ni jambo jingine. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 2015, zilizopewa jina la Nelson Mandela, zinakataza mafunzo ya mfungwa kuwekwa chini ya faida ya fedha. Tena zinataka alipwe ujira wa haki, aweze kupeleka sehemu nyumbani, na sehemu nyingine awekewe akiba mpaka atakapotoka.

Kwa Waislamu jambo hili si geni. Baada ya vita vya Badr, mwaka wa 2 Hijria, imepokewa kwamba mateka waliojua kuandika na wasiokuwa na fidia walipewa kazi ya kuwafundisha watoto wa Madina, kila mmoja watoto kumi, kisha wakaachwa huru. Kazi hiyo iliufaa mji, ikamfaa na mateka mwenyewe, wala haikumdhalilisha.

Hapa nchini pia njia imekwisha onyeshwa. Gereza la Karanga, Moshi, linajulikana kwa viatu, na la Ruanda, Mbeya, kwa mafunzo ya ufundi. Kwa nini isiwe hivyo Idete na Kiberege? Bonde letu lina matrekta madogo, mashine za kukoboa mpunga na pikipiki, na vyote hivyo huharibika na kuhitaji fundi. Chuo cha Maendeleo ya Wananchi kipo Ifakara, na VETA ina utaratibu wa kuupima na kuutambua ujuzi ambao mtu ameupata kazini. Tunapendekeza walimu wa ufundi waende gerezani, mfungwa apimwe na kupewa cheti kisichotaja gereza, na fungu dogo la mavuno liwekwe akiba kwa jina lake.

Atakuwepo wa kuuliza: mwizi afundishwe bure ilhali mtoto wa maskini mwaminifu hana ada? Hoja hii ni nzito. Lakini dawa yake ni kumsomesha mtoto huyo pia, si kumnyima mfungwa. Mwizi aliyetoka mikono mitupu hurudi kwa maskini yule yule, akambebea kuku na baiskeli.

Mwisho, sisi tulio nje tusiitupie Serikali mzigo wote. Cheti hakitamsaidia kijana wa Masagati ikiwa mwenye karakana atamfukuza mlangoni na majirani wataendelea kumwita mfungwa. Aliyemaliza adhabu yake amelipa deni, na deni lililolipwa halidaiwi tena. Mwenyezi Mungu atujalie kuwapokea ndugu zetu wanaorejea, nao awajalie kudumu katika wema. Amin.