Mkeka wa Haja Amina



Dada mpenzi, leo naanza kwa kukiri kosa langu. Nyumbani kwetu pana mkeka wa rangi uliosukwa na nyanya yangu, Allah amrehemu, ambao hatuutandiki ila siku ya Idi na siku ya arusi. Mwezi uliopita ukili mmoja ulifumuka ukingoni. Nikauzungusha mtaani kutafuta wa kuushona, nikarudi nao kwapani. Mwenyewe nilifundishwa kusuka nikiwa na miaka tisa, nikatoroka kabla ukili wangu haujafika pima moja, maana mkeka wa plastiki ulikuwa umekwisha fika dukani.

Katika majuto hayo nikamkumbuka mwanamke mmoja wa mbali sana na kwetu, Haja Amina Appi, wa Ungos Matata huko Tandubas, katika visiwa vya Tawi-Tawi, kusini kabisa mwa Ufilipino. "Haja" yake ndiyo Hajjat yetu.

Wengi wetu tukiisikia Ufilipino hudhani ni nchi ya Wakristo watupu. Ni kweli kwamba ndio walio wengi. Lakini kusini, Mindanao na visiwa vya Sulu, Uislamu umekaa karne nyingi. Kisiwani Simunul, papo hapo Tawi-Tawi, upo msikiti unaosimuliwa kuasisiwa mwaka 1380, kabla Mhispania yeyote hajafika. Haja Amina alikuwa Msama, wa kabila la watu wa bahari.

Mmea aliousukia tunaujua. Ni wa jamaa moja na mkadi, huu huu ambao maua yake wanawake wetu huyatia nguoni yanukie. Sisi twapenda ua; wao hutafuta jani. Jani lenyewe ni refu na lina miba, kwa hiyo kazi huanza na maumivu: kukata, kuondoa miba, kuchana chane nyembamba zilizo sawasawa, kuanika, kukandamiza hadi zilainike, kisha kutia rangi. Kazi yote hiyo, toka kichakani hadi pindo la mwisho, ni ya wanawake, na mama humrithisha binti. Hakuna mwanamume anayeketi kusuka.

Hapa tutofautiane nao kidogo. Sisi husuka ukili mwembamba, tukaushona kwa kuuzungusha hadi mkeka utimie. Ukikosea, utafumua kipande. Mkeka wa Kisama husukwa mzima kwa pamoja, chane zikipishana, nakshi ikijengeka mbele ya macho. Haja Amina hakuchora popote wala hakupima kwa chombo. Hesabu zote za miraba na pembe zilikuwa kichwani, na chane moja ikikosewa mwanzoni, kosa hutembea hadi upande wa pili. Alianza na mikeka myeupe mitupu, haikumridhisha, akajifunza mwenyewe kuchanganya rangi hadi akapata nyekundu na zambarau alizozitaka.

Serikali yao ina sheria ya mwaka 1992 ya kuwatunza mafundi wa jadi: fundi hupewa cheo na posho, na hutazamiwa afundishe wengine. Haja Amina alitunukiwa mwaka 2004, akikaribia miaka themanini. Mwaka huo huo alitunukiwa Darhata Sawabi, Mtausug wa Parang, Sulu, mfumaji wa pis syabit, kitambaa cha kichwa cha wanaume. Naye akafariki mwaka uliofuata. Haja Amina alifariki 2013. Mimi husema heshima ya namna hii huchelewa mno, ingawa afadhali hiyo kuliko kwetu, ambako fundi husifiwa matangani tu.

Mwaka 2016 ikafika zamu ya Ambalang Ausalin wa Lamitan, kisiwani Basilan, wa kabila la Wayakan, nao pia Waislamu. Yeye alikuwa wa nguo. Kitanda cha mfumi cha huko ncha moja hufungwa ukutani na nyingine kiunoni mwa mfumaji, hivi kwamba mwili wake ndio unaokaza uzi. Utotoni alijifunzia kwa chane za majani ya mnazi kabla ya kuaminiwa uzi, na mwalimu wake alikuwa mama yake mzazi. Vita vya miaka ya 1970 viliwatoa Wayakan wengi Basilan wakahamia Zamboanga, ng'ambo ya bahari. Na huko ugenini wanawake wakafunga vitanda vyao upya, wakawa wanauza nguo kwa wapita njia. Walipokosa mashamba, mikono ndiyo iliyowalisha watoto.

Nimelifikiria hilo sana, dada yangu. Je, sisi tukihamishwa kesho, tungebeba nini mikononi?

Mkeka wangu, alhamdulillahi, umepata mshonaji. Ni bimkubwa mmoja anayekaa ng'ambo ya kivuko, macho yake yamepungua lakini vidole bado. Nilimtolea pesa, akazisukuma kando. Akaniuliza binti yangu ana miaka mingapi. Nikamwambia kumi na mmoja. Akasema mkeka hataugusa mpaka nimlete mtoto, aketi naye, na mimi mama yake niketi pia, kwa kuwa amesikia kwamba nilitoroka.

Jumamosi, inshallah, tunavuka.