Rambo analia

Na Shaweji Mbonde

Kwenye mabanda ya video ya huku delta ya Rufiji, Rambo alitufikia akiwa tayari na upinde wake. Ilikuwa ile sehemu ya pili ya mwaka 1985: Vietnam, mishale inayolipuka, helikopta, na mkalimani akishindana kelele na jenereta. Jina likavuma hadi mifuko ya plastiki ikaitwa rambo, mpaka ilipopigwa marufuku Juni 2019. Ya kwanza, *First Blood* ya mwaka 1982, wenye mabanda hawakuihangaikia. Haina mapigano ya kutosha, walisema.

Nimeitazama juzi hapa Kiongoroni, kwenye simu ya mpwa wangu, tukisubiri maji yajae boti iondoke. Nafurahi nilianza na ya pili.

Mtu anatembea kwa miguu kumtafuta rafiki aliyepigana naye vitani. Mwanamke anayeanika nguo anamwambia rafiki amekwishakufa kwa saratani, sababu ya ile sumu iliyonyunyizwa Vietnam. Basi anaingia mjini kutafuta chakula. Mkuu wa polisi, Teasle, anaona nywele ndefu, koti la jeshi na mzigo begani. Anampakia garini, anakwenda kumshusha nje ya mji. Rambo anageuka, anarudi. Vurugu zote zilizobaki zinatokana na kurudi huko, na anayekufa ni askari mmoja tu, aliyeanguka kutoka kwenye helikopta.

Mwishoni, mbele ya Kanali Trautman, kamanda wake wa zamani, jitu lile linakaa chini na kulia kwa kwikwi, likisimulia habari za rafiki aliyelipuliwa na kisanduku cha kung'arishia viatu. Mtazamaji mgeni ataona askari aliyechoka. Sisi tuliomshangilia na mishale yake tunapata kigugumizi.

Teasle naye namwelewa kuliko filamu inavyotaka. Mwaka 2017, viongozi wa vijiji na polisi walipokuwa wakiuawa Kibiti na Rufiji, nani huku alimpokea kwa bashasha mgeni mwenye begi asiyejulikana atokako? Hofu ilikuwa na sababu zake. Ila kumnyima mtu hata sahani ya chakula, hapo simuungi mkono.

Katika riwaya ya David Morrell ya mwaka 1972, Rambo anauawa. Watengenezaji wa filamu walibadilisha mwisho, akatoka hai. Angekufa, banda letu lingeonyesha kitu kingine kabisa, na hii ya kwanza huenda nisingeitafuta.