Nani Apime Uzito wa Hitilafu?

Programu ya kompyuta ni maandishi yaliyotungwa na binadamu, na kama yalivyo maandishi yote ya binadamu, haikosi makosa. Mafundi huyaita makosa hayo hitilafu. Nyingi huudhi tu. Chache humfungulia mwizi mlango. Maadamu hakuna awezaye kuzirekebisha zote kwa siku moja, hapana budi zipangwe kwa uzito, ili iliyo ya hatari itangulizwe. Hapo ndipo ugomvi uanzapo, hasa katika programu huria, yaani zile ambazo maandishi yake yamewekwa wazi ili kila mtu ayasome, ayatumie na ayarekebishe.

Kipimo kinachotumiwa sana duniani huitwa CVSS. Mpimaji hujibu maswali kadhaa. Je, mshambuliaji aweza kuwa mbali, akiutumia mtandao, au lazima aifikie mashine yenyewe? Ni lazima kwanza awe na ruhusa? Siri zitavuja? Data zaweza kubadilishwa? Mashine itasimama? Majibu hutiwa katika kanuni ya hesabu, nayo kanuni hutoa alama kuanzia 0 hadi 10. Kuanzia 9.0 kwenda juu, hitilafu huhesabiwa kuwa ya hatari kuu. Alama hizo huandikwa katika daftari la serikali ya Marekani liitwalo NVD, na humo ndimo idara na makampuni ya nchi nyingi hutazama kabla ya kuamua kipi kirekebishwe leo na kipi kingoje.

Hesabu yenyewe haina dosari. Lakini alama yenye desimali, kama 9.8, humfanya msomaji adhani kuwa imesomwa kwenye kipimajoto, ilhali imetokana na majibu ya mtu aliyeketi mezani, ambaye huenda hajawahi kuitumia programu anayoipima.

Kisa cha curl chaonyesha jambo hili waziwazi. Hiyo ni programu huria ya kuchukua na kupeleka data mtandaoni. Huongozwa na Daniel Stenberg wa Sweden, nayo imo katika simu, magari na televisheni nyingi. Miongoni mwa amri zake imo moja inayoiambia ingoje sekunde kadhaa kabla ya kujaribu tena pale iliposhindwa. Kwa ndani, programu huzidisha sekunde hizo kwa 1,000 ili zipatikane milisekunde. Katika mashine inayoihifadhi namba hiyo kwa biti 32, namba kubwa kuliko zote ni 2,147,483,647. Sasa mtu aiamuru ingoje sekunde 4,294,968, yaani karibu siku 50. Jibu la kuzidisha halienei katika nafasi iliyopo. Kwa kawaida namba huzunguka, kama mita ya gari iliyofika mwisho ikaanza upya, na curl hujaribu tena baada ya milisekunde 704. Mwanafunzi aweza kuhakiki kwa kalamu: katika 4,294,968,000 atoe 4,294,967,296, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 32.

Hiyo ndiyo hitilafu yote. Aliyetaka kungoja siku hamsini hujikuta amengoja chini ya sekunde moja. Ilirekebishwa mwaka 2019 bila kelele. Mnamo Agosti 2023 ikaonekana imeandikishwa kuwa udhaifu wa usalama, watunzi wa curl hawakuulizwa, na NVD ikaipa alama 9.8. Alama hiyo maana yake ni kwamba mtu yeyote, popote alipo, bila ruhusa ya mtu, aweza kuiba siri, kuharibu data na kuisimamisha mashine. Stenberg akapinga hadharani. Hatimaye alama ikashushwa hadi 3.3, na katika rekodi ikaandikwa kwamba jambo hili linabishaniwa. Kati ya alama hizo mbili, hakuna herufi hata moja ya programu iliyobadilika. Mtihani wa mwanafunzi ungalisahihishwa hivyo, mzazi angalifika shuleni kabla ya kengele ya asubuhi.

Wapo wasemao kwamba ni heri kuzidisha hofu kuliko kuipunguza. Hoja hiyo haina nguvu kama inavyodhaniwa. Fundi aliyeacha kazi yake ili kuiwahi 9.8 ya uongo ameiacha 7.5 ya kweli ikingoja. Na watunzi wengi wa programu huria hawalipwi mshahara, hivyo saa wanazozitumia kujibu barua za watu waliotishwa ni saa walizoziondoa katika kazi yenyewe.

Tena kipimo hicho hicho hukosea kwa upande wa pili. Mnamo Aprili 2014 ilitangazwa hitilafu iliyopewa jina la Heartbleed, katika OpenSSL, programu huria inayolinda siri kati ya tovuti na wasomaji wake. Kwa ombi moja la hila, mshambuliaji aliweza kuvuta hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu ya mashine, kisha akarudia atakavyo, na humo akapata maneno ya siri ya watu na hata funguo za tovuti. Toleo la 2 la CVSS liliipa 5.0, alama ya katikati, kwa kuwa siri zilihesabiwa kuvuja kwa sehemu tu, wala data hazikubadilishwa wala mashine haikusimama. Toleo la 3 huipa 7.5. Ugonjwa ni ule ule. Rula ndiyo iliyobadilishwa.

Je, basi mtunzi aachiwe apime mwenyewe? Hapana. Mnamo Desemba 2021 ulifichuliwa udhaifu mkubwa katika Log4j, programu huria ya shirika la Apache, ukapewa alama 10. Marekebisho ya kwanza hayakutosha, na upungufu uliobaki Apache wenyewe waliupa 3.7. Siku chache baadaye ilibainika kwamba katika hali fulani mshambuliaji aliweza kuendesha amri zake humo, na alama ikapanda hadi 9.0. Mzazi haoni upesi chongo ya mwanawe.

Walimu wa jiografia hufundisha tofauti inayofaa hapa. Tetemeko la ardhi lina ukubwa wake, ambao ni mmoja, na lina ukali, ambao hutofautiana mji hata mji kwa kadiri ya umbali, udongo na ujenzi wa nyumba. Watungaji wa CVSS walilijua hilo, wakaweka sehemu ya mazingira ili kila mtumiaji aijaze kwa kufuata hali ya kwake. Aghalabu huachwa tupu, na alama ya jumla husomwa kana kwamba yahusu kila nyumba. Majibu ya mpimaji huchapishwa kwa vifupisho. Sababu za majibu hayo hazichapishwi. Yafaa zichapishwe, na yafaa mtunzi asikilizwe kabla ya alama kutoka, pasipo kupewa neno la mwisho.

Mnamo Januari 2024 mradi wa curl ulipewa mamlaka ya kuandikisha wenyewe udhaifu wa programu yake. Mwezi uliofuata mamlaka kama hayo walipewa watunzi wa kiini cha Linux, kiini ambacho ndicho kilichomo katika simu za Android zilizo mikononi mwa wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki. curl huandikisha chache, kila moja na maelezo yake marefu. Linux huandikisha maelfu, kwa hoja kwamba kiini chao hutumika mahali pengi mno hata mtunzi hawezi kujua ni hitilafu ipi itakayomdhuru nani. Katika jambo moja tu makundi hayo mawili yanafanana: hakuna linaloambatanisha alama ya 0 hadi 10. Alama huongezwa baadaye na watu wengine.