Mbegu Imemwagwa, Nani Atapalilia?

Wako watu siku hizi wasifuo sana kupanda bila jembe. Wasema kwamba mtu atwae mbegu, azitupe shambani, aende zake. Ardhi itafanya yaliyobaki. Maneno haya ni matamu masikioni, lakini sisi twayakataa, kwa sababu ni nusu ya habari, na nusu ya habari huleta njaa nyumbani.

Shahidi wao ni Masanobu Fukuoka, mkulima wa kisiwa cha Shikoku katika nchi ya Japani, aliyezaliwa mwaka 1913 na kufa mwaka 2008. Ni kweli kwamba hakulima kwa plau, wala hakutia mbolea ya kiwandani. Lakini na tutazame alivyotenda. Mbegu za mpunga alizivika udongo wa mfinyanzi, ili ndege na panya wasizile. Shayiri aliimwaga katikati ya mpunga usiovunwa bado. Chini yake alisia klova, majani mafupi ya jamii ya kunde, yazuie magugu. Na alipokwisha kuvuna, mabua aliyarudisha shambani, akayatandaza. Je, huku ndiko kutupa mbegu na kwenda zake?

Tena, hapo mwanzo alipoiacha michenza ya baba yake bila kuipogoa, matawi yalisongamana, wadudu wakaingia, miti ikafa. Habari hiyo aliiandika mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka 1975, watu wapate kujua kwamba kulitelekeza shamba si kulima.

Wala hatuna haja ya kwenda mpaka Japani. Wazee wetu walimwaga ulezi kwa mkono tangu zamani. Kumwaga ni kazi ya asubuhi moja. Lakini mbegu zilizotapanyika hazina mistari, jembe halipati njia, na katikati yake humea gugu lifananalo na ulezi, lisilotambulikana upesi ila kwa jicho lililozoea. Ni nani ainamaye juma baada ya juma akiling'oa? Ni wake zetu na watoto wetu. Basi kazi haikupungua; imehama tu, ikatoka mikononi mwa mwanamume, ikaenda mgongoni mwa mwanamke. Naye mwanamume ajisifu kwamba amevumbua wepesi!

Neno letu ni hili. Atakaye kumwaga mbegu na amwage, lakini kwanza aache kuyachoma mabua, kwa maana ardhi iliyo uchi huzaa magugu. Watajibu kwamba mabua ni chakula cha ng'ombe. Vema, basi na akate majani ya porini kabla hayajatoa mbegu, ayatandaze badala yake. Ajaribu kipande kidogo, hatua kumi kwa kumi, akipalilie kwa mikono yake mwenyewe. Akiona mavuno, aongeze mwaka wa pili. Asithubutu kuimwaga akiba yote ya nyumba kwa neno alilolisikia sokoni.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na aliyemwaga mbegu na awe wa kwanza kuinama.